Pikapu Yangu Haikukataa Kuwaka

Jumapili, mwezi wa nane, 2009. Asubuhi baridi, mchana vumbi. Mvua imetusahau kabisa. Ng'ombe za watu zimelala kando ya barabara na haziamki, hata kunguru wamekula mpaka wamechoka.

Roho yangu leo iko chini. Iko chini kama gari imetolewa magurudumu.

Wote wanaisema vibaya. Nianzie hapo.

Hii story ya pikapu yangu na mama mkwe, kila mtu Kitengela yuko na yake. Watu wa kanisa wanasema ni saa ya Mungu ilikuwa imefika. Mama Njeri wa duka anasema ni barabara. Na shemeji yangu Ndunda, huyu kaka ya bibi yangu, anasema pikapu ilikataa kuwaka. Ndunda hakukuwa hapo! Siku hiyo alikuwa Bisil anauza mbuzi, na hata hizo mbuzi naskia alidanganywa. Lakini ukimskia akiongea utafikiri alikuwa ndani ya injini.

Leo ameisema tena, kwa meza yangu, akikula kuku yangu.

Leo ilikuwa hivi. Dennis, huyu kijana ameoa msichana wangu Mueni, alikuja na gari yake kutupeleka kanisani. Gari ndogo, safi, chini haina hata tone moja ya oil. Mimi siamini gari haitoi oil, ni kama mtu hatoi jasho. Dennis akafungua mlango ya mbele, akashika mama mkwe wake mkono, akamwambia, "Mum, kaa hapa mbele na mimi, heater iko huku." Bibi yangu Kamene akakaa. Wakaenda wakicheka njia yote. Mimi nilikuwa kiti ya nyuma na Biblia ya watu kwa magoti.

Hakuna mtu alikufa. Hakuna mbingu ilianguka. Kijana alikaa na mama mkwe wake kiti ya mbele, wakafika kanisani, wakaimba.

Sikuimba.

Baada ya kanisa tukakula, na Ndunda akaanza. "Dennis, wewe uko na bahati gari yako inawaka. Muulize huyu mzee yake ilifanya nini siku ya mama yetu. Ilikataa kabisa! Kaburu, kaburu, kaburu, tsss." Watu wakacheka. Kamene akaanza kutoa sahani mezani, na Dennis hajamaliza hata paja.

Mueni ndiye anapiga hii kompyuta, mimi naongea. Yeye ndiye alinifungulia hii blogu, anasema kuna watu mpaka Mombasa wanasoma uongo yangu. Mimi shule nilipita nje tu nikichunga mbuzi. Namba nilijifunza kwa spana. Nane, kumi, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na saba. Spana ya kumi na nane haijawahi kuingia mkoba yangu, kwa hivyo hiyo namba mpaka leo siamini iko.

Andika, mama. Usirekebishe.

Kwanza mjue mimi ni nani kwa mambo ya gari. Tulikuja hapa kutoka Ukambani wakati Kitengela ilikuwa nyasi na pundamilia. Nilikuwa navunja mawe kwa kwari. Nikanunua pikipiki ikiwa ndani ya gunia. Si pikipiki, ni gunia ya vyuma, aliyeniuzia hakujua zote ni za pikipiki moja. Mimi na Kamene tukamwaga kwa uwanja, juu ya turubai. Kamene akaosha kabureta kwa sufuria na mafuta ya taa, ile sufuria ya ugali, na wiki mbili tukakula ugali inanuka kama kibatari. Mueni alikuwa mdogo hivi, anakaa juu ya debe ananipatia spana. Siku ilinguruma, kuku ya majirani iliacha kutaga. Hiyo si sifa. Uliza mtu yeyote.

Tuliipatia jina Mama Mkwe. Sababu ukiikaribia vibaya, aibu ni yako.

Halafu ikaja pikapu. Mwenye kwari aliitupa, ilikuwa imeota nyasi mpaka kwa bonet. Nikaivuta na punda nne mpaka nyumbani, punda tatu zangu na moja nilikopa bila kuambia mwenyewe. Miaka miwili tuliitengeneza, kila Jumamosi, mimi na Kamene na Mueni. Kamene akashona viti kwa magunia. Fimbo ya gia ilikuwa imevunjika, nikaweka chuma ya kitanda yetu, ndiyo maana kitanda yetu inalala upande mpaka leo. Hiyo gia ilikuwa na tabia zake. Lazima uinue kidogo, usukume kama unafungua mlango ya mtu amelala. Watu wawili tu duniani waliijua, mimi na Kamene. Lakini Kamene hakuweza klachi, klachi ilikuwa ngumu kama shingo ya Ndunda.

Na haikuwahi kukataa kuwaka. Skiza Ndunda, kama unasoma hii. Haikuwahi.

Sasa, mama mkwe mwenyewe, wa nyama na damu.

Sisi Wakamba tuko na kitu tunaita nthoni. Ni heshima, na ni aibu, yote pamoja. Mama ya bibi yako humsalimii na mkono. Humwangalii usoni. Ukikutana naye kwa njia unaingia majani, na yeye anaingia majani yake. Kukaa naye kiti moja? Hapana. Heri ukae na nyoka, nyoka haina jamaa.

Miaka kumi na tatu nilikuwa nimeoa Kamene na sikuwa najua sura ya mama yake. Nilijua leso yake. Nilijua kikohozi yake. Alikuja kukaa kwetu hiyo 1997 kwa sababu ya kifua, Kajiado kulikuwa na daktari alimjua na kadi yake ilikuwa huko. Tulimjengea chumba yake upande ile ingine ya plot, na mlango ikaangalia kwingine. Nikitoka naye anarudi. Nikirudi naye anatoka. Tuliishi vizuri sana hivyo. Akipika muthokoi, yale mahindi yetu na maharagwe, ananitumia na Kamene, na mimi nikipata asali namtumia na Kamene. Kamene alikuwa daraja, na daraja haiulizwi kama imechoka.

Hiyo ndiyo miezi ya El Nino. Watoto wa siku hizi hawajui mvua. Hii mchanga nyeusi yetu ililowa mpaka ikawa kama uji. Hakuna gari ya mtu iliingia kwa plot zetu. Ile ilikuwa inatoka ni moja tu, yangu, na minyororo nimefunga kwa magurudumu ya nyuma.

Asubuhi moja, Mueni ameshaenda shule, Kamene akaja mbio hana viatu. Akasema, "Baba Mueni, mama kifua imefunga. Hapati pumzi. Washa gari."

Nikawasha. Mara moja! Haikukohoa hata. Ilikuwa saa mbili asubuhi.

Saa mbili. Ndunda, shika hiyo.

Shida ilikuwa mahali pa kukaa. Nyuma ya pikapu hakukuwa na sakafu, kutu ilikula na mimi nilikuwa nimekata yote nichomelee mpya wiki ingine. Ukikaa nyuma miguu yako inatembea kwa lami. Mbele kuna kiti moja ndefu ya watu watatu. Mimi, Kamene katikati, mama kwa mlango. Hata hivyo, ni kiti moja. Gunia moja. Nikikaa naye anainuka kidogo, akikaa nami nainuka.

Na mama akatuma neno. Alimtuma Kamene aniambie hivi: "Mwambie huyo mwanaume heri nife kuliko kukaa naye kiti moja." Maneno yake kabisa.

Sasa mtu amesema hivyo, utafanya nini? Wengine wangelia. Mimi nikachukua msumeno.

Nikatoa ubao kwa mlango ya kabati, ile kabati ya harusi yetu. Nikapima. Nikakata iingie kutoka kwa dari ya gari mpaka kwa sakafu, ipite kando ya bega yangu, mimi huku, wao kule. Chumba mbili ndani ya pikapu moja! Nani mwingine angefikiria hiyo? Kulikuwa na makanika wamesoma mpaka Nairobi, hakuna mmoja angefikiria. Mara ya kwanza ikagonga dashibodi, nikatoa, nikapiga randa. Mara ya pili ikaacha nafasi kwa juu, ukiinama kidogo unaona mtu. Nikatoa tena, nikaongeza kipande.

Watu wakakuja kuangalia na miavuli. Mama Njeri akaweka mikono kiunoni. "Ai, Baba Mueni! Unatengeneza gari ama unajenga choo?"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Choo yako haijawahi kuwa na ubao safi hivi."

Akaangalia kwa mlango, mama amekaa hapo kwa stuli amefungwa blanketi mbili, mabega yanapanda na kushuka. Akaacha kucheka. Akasema polepole, "Mgonjwa hana mkwe, Baba Mueni."

Nikajifanya siskii, randa inapiga kelele.

Kamene alikuja mara mbili kuangalia kazi. Mara ya pili alisimama nyuma yangu muda. Halafu akarudi kwa mama yake.

Ile ilibaki ni kidirisha. Nilikata kidirisha kidogo kwa ubao, saizi ya kitabu, Kamene aweze kuniambia kitu. Na kidirisha haiwezi kukaa bure hivyo, itakuwa inagonga njiani. Inataka hinji, zile bawaba za mlango. Na hinji za kabati zilikuwa zimeshika kutu. Kwa hivyo nikaenda kutafuta zingine.

Tulitoka saa tano na kitu.

Gia ilibaki upande wao, hiyo sikuwa nimefikiria. Ubao ulipita upande wangu wa chuma ya kitanda. Kwa hivyo tukapatana, mimi nakanyaga klachi, nagonga ubao, Kamene anasukuma gia. Kugonga moja, gia ya kwanza. Mbili, ya pili. Tatu, ya tatu. Na mjue tulienda! Minyororo inarusha tope mpaka juu ya waya za stima. Nagonga, ananisukumia. Nagonga, anasukuma. Miaka kumi na tatu ya ndoa hatujawahi kuskizana hivyo. Tukapanda lami, nikashuka nikatoa minyororo, tukaendelea, na mimi moyoni najisifu. Nasema, wataimba hii. Nasema, nitatengeneza zingine nitauzia Wakamba wote wako na gari.

Karibu na Isinya ng'ombe zilikuwa zinavuka. Nyingi, zimelowa. Nikapunguza. Nikakanyaga klachi, nikagonga mbili.

Kimya.

Nikagonga tena mbili. Nikaita, "Kamene! Ya pili!"

Nikafungua kile kidirisha, na hinji mpya, haikupiga hata kelele. Niliona mikono ya Kamene. Zote mbili zilikuwa zimeshika kichwa cha mama yake.

Sikumbuki nikifikiria. Niliweka kiwiko. Ubao ukapasuka kutoka juu mpaka chini, mara moja, na kipande ikaanguka kwa miguu yao. Masaa tatu kujenga, kiwiko moja kuvunja.

Kijana wa Kimasai alikuwa na hizo ng'ombe alikuja kwa dirisha yangu na rungu yake, akaanza kunisalimia, "Sopa, mzee," halafu akaona ndani. Akageuka akapiga ng'ombe zake mbio, akazitoa kwa barabara zote peke yake. Sijawahi kumjua jina.

Na mimi nikamwona mama mkwe. Uso. Alikuwa mdogo kuliko nilifikiria. Alikuwa na pengo hapa mbele kama ya Kamene, kama ya Mueni. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Macho yake yalikuwa kwangu, na hakuyatoa, na hakujifunika na leso.

Nikasema, "Mama, pole."

Hiyo ndiyo neno ya kwanza nimewahi kumwambia.

Pumzi ya kujibu ilikuwa wapi. Lakini nilipoweka mkono nitafute gia, goti yake ilikuwa imevuka mbele ya Kamene, imeegemea ile chuma. Na yeye akaisongesha. Polepole, hivi, akatoa goti yake gia yangu ipate nafasi. Nikainua kidogo, nikasukuma ya pili, halafu ya tatu, na tukaenda hivyo mpaka Kajiado, mkono yangu kando ya goti ya mama mkwe, na aibu sikuiskia. Niliitafuta. Haikuwa.

Hospitali walimchukua mbio na wakajaribu vizuri. Yule daktari alimjua alitoka nje baadaye akatuuliza ilianza saa ngapi. Kamene akasema, saa mbili kasoro. Daktari akaangalia saa ya ukuta, akaangalia shati yangu imejaa vumbi ya mbao.

Akarudi ndani.

Jioni, kabla jua kuingia, mama akaenda.

Ndunda alifika kesho yake kutoka Bisil, analia, anauliza, "Kwa nini mlichelewa?" Mimi nikafungua mdomo. Na Kamene akasema, "Gari ilikataa kuwaka."

Ndiyo hiyo. Hapo ndipo ilitoka. Kamene ndiye aliisema, na mimi nikanyamaza, na ikaenda kwa kanisa, ikaenda kwa duka, ikarudi leo kwa meza yangu na kuku. Miaka yote hii pikapu yangu imebeba hiyo lawama na haina mdomo. Niliiuza kwa watu wa vyuma miaka mingi imepita. Ilipakiwa juu ya lori ikiwa inawaka. Niliiwasha wakiipakia, waskie.

Ule ubao nilibaki nao. Nilipiga misumari nikaunganisha, ni mlango ya nyumba ya kuku. Kidirisha iko bado, kuku zinatoa kichwa hapo zinaniangalia kila asubuhi nikienda choo.

Leo wageni wakienda, nilimpata Kamene nje anaosha sahani. Nikamwambia, "Nitamwambia Ndunda haikukataa. Nitaiweka kwa hii kitu ya Mueni, watu wote wasome."

Hakuinua kichwa. Akasema, "Sawa. Lakini ukiisema, iseme yote."

Nikasema nasema yote, mimi husema yote.

Akasema, "Na ile ya mama."

Kwa hivyo hapa ndipo niko. Nimezunguka sana, si unaona. Nimewaambia ya punda, nimewaambia ya sufuria.

Mueni ameacha kupiga. Piga tu, mama. Ulikuwa shule, si makosa yako. Andika vile nasema.

Ile ya heri nife kuliko kukaa naye kiti moja. Hiyo nimeisema kwa mazishi, nimeisema kwa vilabu, nimeisema hapa juu saa hii na sikutetemeka. Hiyo niliongeza.

Mama mkwe hakusema hivyo. Alimtuma Kamene na neno, ni kweli, na Kamene akaileta mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa napima. Mara ya pili watu walikuwa wengi, na ubao ulikuwa unapendeza.

Alisema, "Mwambie twende tu."

Nilikuwa natafuta hinji.